Bata wa Mtoto wa Bungoma

Mwezi uliopita kazi ilinipeleka mji mdogo wa Kwanza, karibu na Kitale, siku ya soko, na mvua ikanikuta kabla sijapata pa kujikinga. Nilijibanza chini ya turubai la mwanamke aliyekuwa akiuza kuku na bata, wote wamefungwa miguu kwa kamba za katani na kulazwa juu ya gunia. Matone yalipoanza kupenya, kuku walijikunyata na kufumba macho. Lakini bata walinyoosha shingo, wakajitikisa, wakafungua mabawa kwa kadiri kamba ilivyowaruhusu. Ndipo harufu ikanipanda puani: manyoya mabichi, tope, na punje za mahindi zilizolowa. Mwenye bata aliniuliza kama nataka mmoja. Nikamwambia nasubiri tu mvua ipite. Mvua ikapita, na mimi nikabaki nimesimama palepale, mtoto wa darasa la pili tena, nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Matisi.

Kama wewe ni wa umri wangu na ulikulia pande hizi za Kitale, huenda unazikumbuka ploti za siku zile. Nyumba za mabati zilizopangwa mstari, bomba moja la maji, kamba za nguo zikipishana, na nyuma kabisa kipande cha ardhi ambapo kila mtu alipanda sukuma na kunde bila kuulizana. Baba alikuwa karani katika ghala la mahindi. Mama alishona nguo za watoto hapo hapo nyumbani, nami nikiwa mtoto pekee, nilikaa miguuni pake nikiokota vipande vya vitambaa.

Jioni moja Baba aliniita nje, akachuchumaa ili macho yake yawe sawa na yangu. Hakuwa na kawaida ya kuchuchumaa. Aliniambia kwamba Mama ana mtoto tumboni na kwamba daktari amemwagiza alale. "Akilala, mtoto atakaa," alisema. "Akitembeatembea, mtoto ataondoka." Nikamuuliza alale mpaka lini. Akasema mpaka mtoto afike wakati wake. Kisha akanishika bega kama vile mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

Kesho yake alihamishia kitanda sebuleni, kwa sababu Kukhu, mama yake mzazi, alikuwa anakuja kutoka Bungoma kumtunza Mama, na kwa mila zetu hangeweza kuingia chumba cha kulala cha mwanawe. Hata kulala katika nyumba hiyo hakutaka. Alipofika alipitiliza moja kwa moja hadi jikoni, kibanda chetu kidogo nyuma ya nyumba, akasema hapo panamtosha, karibu na moto. Halafu akateremsha kikapu alichokuwa amekibeba, akafungua kamba, na kichwa cha bata kikachomoza.

Alikuwa jike mweupe mwenye mabaka meusi mgongoni na nyama nyekundu kuzunguka macho. Bata wa aina hii majike hawana sauti ya maana. Hupumua tu kwa nguvu kooni, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mimi nilidhani huyu amepata mafua njiani. Kukhu akasema ndivyo alivyoumbwa, na kwamba ndiyo sababu amemchagua, maana hatamsumbua mgonjwa. Nikampa jina Madamu, kwa vile alivyotembea akitikisa kiuno na kutazama kila kitu kwa upande, kama mwalimu mkuu wetu akikagua kucha asubuhi.

Jirani yetu Mama Zubeda, ambaye mumewe alikuwa na pikapu ya kubebea mbao, alikuwa na dume kubwa lililozurura ploti nzima likifukuza watoto. Dume lile na Madamu walielewana upesi. Haukupita muda Madamu akaanza kutaga katika karai kuukuu ambalo Kukhu alilijaza maganda ya mahindi na kuliweka kwenye kona ya jikoni. Kila asubuhi nilikimbia kutazama. Mayai ya bata ni mazito kuliko ya kuku, na yana utelezi kidogo, kama yamepakwa mafuta. Kukhu aliniruhusu kushika moja tu, mara moja, kisha nilirudishe lilipokuwa.

Halafu siku moja Madamu hakutoka. Nilimkuta amejitandaza juu ya karai, mpana kuliko alivyokuwa, kifua kimebonyea, na aliponiona akapuliza kwa hasira. Kukhu alinivuta nyuma. Alikuwa na ulimi wa Bungoma, ambao hubadilisha l na r unavyotaka wenyewe. "Sasa anararia," alisema. "Usimshike, usimsumbue. Akitoka kabra ya wakati, watoto wanakufa."

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu. Au ndivyo nilivyoamini. Mama alikuwa amelala sebuleni ili mtoto akae. Madamu alikuwa amelalia jikoni ili watoto wasife. Kwa akili yangu ya darasa la pili lilikuwa jambo moja linalofanyika katika vyumba viwili. Mama alikuwa anamlalia mtoto. Sikujua vizuri mtoto mwenyewe yuko wapi chini ya lile blanketi, na niliona haya kuuliza, lakini nilijua kazi ni kulala juu yake na kumpa joto.

Basi nikawa nakwenda huku na huku kama mkaguzi. Nikiona Madamu ametoka mara moja kwenda kunywa maji na kujilowesha bombani, nilikwenda kumwambia Mama kwamba naye anaweza kuinuka kidogo, mradi arudi haraka. Nikiona Madamu anageuza mayai kwa mdomo, nilimkumbusha Mama ajigeuze. Mama aliitikia tu. Alikuwa amechoka kutazama dari. Wakati mwingine nilimkuta midomo ikicheza bila sauti, na nilijua anaomba.

Kisha nikamwona Madamu aking'oa manyoya laini ya kifuani mwake mwenyewe na kuyapanga kati ya mayai. Niliokota yaliyopeperuka sakafuni mpaka nikajaza kiganja, nikayapeleka sebuleni, nikaanza kuyasukuma chini ya shuka ya Mama.

"Nekesa, hizi ni za nini?" aliniuliza.

"Za kuweka chini yako. Bata ndio anafanya hivyo."

Alinitazama kwa muda, kisha akaelewa. Alianza kucheka taratibu, halafu akashindwa kujizuia, akacheka mpaka machozi yakamtoka na Kukhu akaja mbio na mwiko mkononi kumkataza asitikisike hivyo. Mama alijifuta macho, akayachukua yale manyoya yote, akayaweka chini ya mto wake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipolazwa pale, na kwa siku kadhaa nilitembea kifua mbele kama niliyeponya mtu.

Mchana mmoja Kukhu alileta tochi ya Baba. Alifunga mapazia ya sebule, akatoa yai moja alilokuwa amelifunga ndani ya leso lisipoteze joto, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alilibana yai kwenye kioo cha tochi. Likawaka rangi ya machungwa, na ndani yake tukaona mishipa myembamba kama mizizi, na kitu cheusi katikati. Kile kitu kikaruka.

"Inacheza," Mama alisema kwa sauti ndogo. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya tumbo lake.

Kukhu alizima tochi, akalifunga yai, akarudi nalo jikoni kwa haraka. Mama akanishika mkono, akauweka pale mkono wake ulipokuwa, na nikasikia kitu kinanisukuma, kama goti la mtu aliyelala nami kitanda kimoja. Nilitoka nje nikakaa na siri hiyo mwenyewe, chini ya kamba za nguo.

Mayai yalianza kulia asubuhi ileile Mama alipochukuliwa kwenda hospitali. Nasema kulia kwa sababu ukiweka sikio karibu, utasikia vifaranga wakiita ndani ya ganda kabla hata ufa haujaonekana. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya karai nikisikiliza, Kukhu akiwa nyuma yangu, Baba alipoingia bila viatu. Baada ya hapo nakumbuka pikapu ya mume wa Mama Zubeda ikirudi kinyumenyume hadi mlangoni, godoro likiwekwa nyuma, na Mama akibebwa na watu watatu huku amefumba macho. Watu wazima wote walikuwa na nyuso nzito. Mimi peke yangu nilifurahi. Mayai yalikuwa yanaanguliwa; bila shaka na Mama wakati wake umefika.

Kukhu alibaki nami. Tulishinda jikoni, mimi nikimhesabia nyufa. Nilitaka kuwasaidia vifaranga kumenya maganda, akanikataza, akasema kifaranga asiyejitoa mwenyewe hapati nguvu ya kusimama. Kufikia kesho yake walikuwa wametoka karibu wote, wamelowa na wabaya, shingo zikianguka. Ndani ya muda mfupi chini ya mama yao walikauka, na ghafla walikuwa ndio vitu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona: manjano, na madoa meusi, na vidomo vilivyopondeka mbele kama vijiko.

Baba alirudi mchana. Hakuingia; alimwita Kukhu nje, na kupitia ufa wa mlango niliwaona wamesimama karibu na bomba, Baba akitazama chini. Kukhu aliporudi alivua aproni, akaingia sebuleni, akatoka na shuka mpya nyeupe ya Mama ikiwa bado na mikunjo ya dukani. Nilimuuliza kama mtoto amekuja. Akaniambia amekuja. Nikamuuliza yuko wapi.

"Tunampereka nyumbani," alisema. Kisha akanishika kichwa kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Wewe waangarie hawa."

Nyumbani kwetu ni Bungoma, kwa Kukhu. Binamu zangu wawili walikuwa wakilelewa huko kwa sababu wazazi wao walifanya kazi mbali, kwa hiyo sikuona ajabu. Kukhu ndiye aliyekuwa bingwa wa watoto. Niliona uchungu kidogo kwamba wamempeleka kabla sijamwona, lakini nilijiambia Mama ni mgonjwa, na mtu mgonjwa hawezi kulea. Nilipomuuliza Baba siku aliyorejea peke yake na kunichukua kwa Mama Zubeda kama Kukhu amebaki na mtoto, alisema ndiyo. Alikuwa ananisikia na hanisikii. Halafu akaniomba jambo moja: Mama akitoka hospitali, nisimuulize habari za mtoto. Nikaahidi. Naye alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi, na sikutaka kumwongezea.

Mama alirudi akarudi moja kwa moja kitandani. Sasa kitanda kilikuwa kimerudishwa chumbani na hakuna aliyemwambia alale, lakini alilala, uso ukutani. Mbele ya gauni lake, kifuani, palikuwa na maji, na nilidhani amejimwagia uji. Wanawake wa kanisa walikuja, wakaimba pambio moja polepole, wakaomba, wakaenda. Mama Zubeda alikuja kila siku na bakuli la supu lililofunikwa sahani, akakaa kando ya kitanda, na akaondoka na bakuli likiwa karibu limejaa.

Jikoni nako Madamu alikuwa na jambo linalonisumbua. Watoto wake walishaanza kutembea, lakini yeye alirudi kila mara kwenye karai na kulalia yai moja lililobaki. Mama Zubeda alilitikisa sikioni, likatoa mlio wa maji. Akasema ni viza, akalipeleka kulitupa mbali. Madamu alilitafuta siku nzima, akichakura maganda ya mahindi, kisha akasahau na kuwafuata watoto wake. Nilimuuliza Mama Zubeda kama Mama naye bado ana yai limebaki, ndiyo maana haamki. Mama Zubeda alinivutia kwake, akanibana kwenye buibui lake lililonukia iliki.

Wale vifaranga, ndugu msomaji, walikuwa furaha yangu yote. Walimfuata mama yao kwa mstari mmoja kutoka jikoni hadi bombani, na ploti nzima ilisimama kuwapisha, hata mume wa Mama Zubeda alisimamisha pikapu. Niliwajazia maji kwenye beseni, wakajitosa humo bila kufundishwa na mtu, wakizama na kuibuka mgongo mkavu. Baada ya mvua kumbikumbi walipotoka ardhini, vifaranga walikimbia na mabawa mdomoni yakiwatoka pande zote kama masharubu. Niliwasagia ugali baridi na mchicha. Mwewe alimchukua mmoja mbele ya macho yangu. Nilirusha kiatu, kiatu kikaishia juu ya paa na mwewe akaenda zake. Mwingine alipatikana asubuhi bila kichwa, kazi ya panya. Nililia, Baba akawazibia jikoni kwa vipande vya bati.

Mmoja alikuwa mzuri kupita wote. Alikuwa manjano mwili mzima na doa jeusi utosini, kama amevaa kofia. Huyo nilimtenga moyoni tangu wiki ya kwanza. Alikuwa wa mtoto wa Bungoma. Shule zikifungwa Desemba tungekwenda kwa Kukhu, nami ningempelekea bata wake, ameshakuwa mkubwa, ili mtoto ajue ana dada Kitale anayemkumbuka. Huyo Kofia nilimlisha mkononi. Nilimzoesha kukaa mapajani. Sikumwambia mtu, kwa sababu ya ahadi niliyompa Baba.

Mvua ya mawe ilinikuta njiani kutoka shule. Wanaoijua Kitale wanajua jinsi inavyokuja: mbingu inakuwa rangi ya chuma, upepo unakatika ghafla, kisha mabati yote ya Matisi yanapigwa kwa pamoja hata mtu akikuitia sikioni humsikii. Nilijikinga kwenye baraza ya duka, nikitazama barabara ikigeuka nyeupe, nikijua kwamba saa hizo Madamu na watoto wake huwa mtaroni nyuma ya ploti. Ilipopungua nilikimbia, nikiteleza juu ya barafu.

Mama alikuwa nje. Alisimama katikati ya uwanja bila viatu, gauni limemganda mwilini, nywele zimelowa, na leso yake ameikunja mbele kama mtu anayevuna maharagwe. Ndani ya leso walikuwa vifaranga. Kando yake Madamu alikuwa amechuchumaa, mabawa wazi, na chini ya mabawa hayo wengine walikuwa wanachungulia. Alikuwa amewafunika alioweza. Waliobaki Mama ndiye aliyewatafuta mtaroni, mmoja mmoja, barafu ikimpiga mgongoni.

"Washa jiko," aliniambia. Sauti yake ilikuwa na kutu.

Tuliwapanga kwenye gunia karibu na makaa. Mama aliwapangusa kwa kanga kavu, akawapulizia puani, akawasugua vifua kwa kidole gumba. Mmoja alipiga chafya. Mwingine akainua shingo. Kila aliyefufuka alinipa nimshike ndani ya sweta langu, na tulifanya hivyo mpaka akabaki na mmoja tu mikononi. Alimsugua kwa muda mrefu kuliko wote. Nilipoona doa utosini nikaanza kulia.

"Usilie, si umeona wengine wamepona," Mama alisema.

"Huyo alikuwa wa mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mtoto wetu. Wa Bungoma. Nilikuwa nimemwekea."

Mikono ya Mama ilisimama. Aliniuliza nani ameniambia mtoto yuko Bungoma. Nikamwambia ni Kukhu, alisema wanampeleka nyumbani, na Baba naye alisema Kukhu amebaki naye. Nikamwambia nilikuwa nimeahidi nisimuulize, na sasa nimevunja ahadi. Mama alitazama makaa.

"Nekesa," alisema, "mtoto alizaliwa akiwa ameshakufa. Baba na Kukhu walimpeleka nyumbani wakamzika. Hakuna mtu alikudanganya. Walishindwa tu kukuambia."

"Kwa hivyo hatakuja?"

"Hatakuja."

"Wewe uliona wakimzika?"

"Hapana. Mimi nilikuwa nimelala hospitali." Kisha akasema tena, kana kwamba anajiambia mwenyewe: "Waliniambia nilale."

Ndipo akalia. Tangu arudi hospitali sikuwa nimemwona akilia, wala sikumsikia kupitia ukuta. Alilia ameinama juu ya kile kifaranga, mabega yakiruka, na mimi nikakaa karibu naye sweta langu likiwa limejaa bata wanaotapatapa, nikiogopa kuinuka wasianguke. Baba alitukuta hivyo aliporudi kazini. Alisimama mlangoni akatutazama, kisha akaja akakaa sakafuni upande wa pili wa jiko akiwa bado na koti la mvua.

Kifaranga akifa kwetu alitupwa. Ndivyo ilivyokuwa ploti nzima. Lakini asubuhi iliyofuata Mama alimfunga Kofia kwa kitambaa, akatoka naye hadi kwenye kunde, akapiga magoti na kuanza kuchimba kwa panga. Ardhi ilikuwa laini na barafu ilikuwa bado chini ya majani. Baba alitoka haraka na jembe, akamwambia ampishe amchimbie.

"Wacha," Mama alisema. "Nitafanya mwenyewe."

Alichimba shimo refu kuliko ilivyohitajika. Aliniuliza kama nataka kumshika mara ya mwisho, nikamshika, kisha nikamlaza ndani kama alivyonielekeza, kichwa kikitazama nyumba. Mama alirudisha udongo kwa viganja vyake. Baba alikuwa bado amesimama na jembe mkononi, hajui aliweke wapi. Mama alipomaliza alikaa pale kidogo, mikono imejaa tope, halafu akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado. Akainuka akaenda jikoni kuipika.

Siwezi kusema kwamba kuanzia siku hiyo alipona. Kulikuwa na siku alizolala tena uso ukutani. Lakini alianza kutoka asubuhi kuwafungulia bata, maana aliona Baba anawafungulia mapema mno, mwewe bado wanawinda. Alijua nani ana kikohozi na nani anaonewa na wenzake. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwatupia mahindi, na Mama Zubeda akaleta ndoo yake akakaa karibu. Wawili hao walizungumza kuhusu bata kwa miezi kadhaa. Sidhani kama ilikuwa kuhusu bata tu.

Vifaranga walikua, sauti nyembamba zikawatoka, madume yakaanza kupigana. Wawili tuliwala, na nilikataa kula, kisha harufu ikanishinda nikala. Desemba ilipofika Mama alisema tutakwenda Bungoma, mimi na yeye. Aliniambia nichague bata mmoja wa kumpelekea Kukhu. Nilichagua jike mdogo mpole, mweusi mwili mzima. Mama alimfunga miguu kwa kitambaa badala ya kamba, asije akaumia.

Kukhu alitupokea, akatupa maji na chai, akamsifu bata. Kisha yeye na Mama wakakaa kama watu wanaojuana sana wasiojua pa kuanzia. Mama hakugusa chai.

"Ni wapi?" aliuliza.

Kukhu aliinuka. Tulimfuata nyuma ya jikoni, kupita zizi, hadi kwenye migomba. Nami nilikuwa nimembeba bata, kwa sababu hakuna aliyeniambia nimwache. Hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Majani makavu ya mgomba, nyasi fupi, na ardhi iliyoinuka kidogo, kidogo kiasi kwamba ungepita ukidhani ni kichuguu kilichobomoka. Kukhu aliondoa majani kwa mkono. Mama alikaa chini, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wanawake msibani, na Kukhu akakaa kando yake vivyo hivyo.

Niliuliza kama alikuwa mvulana au msichana. Nilikuwa nimemlimbikizia mapenzi yote yale na hata hilo sikulijua.

"Msichana," Mama alisema. "Alikuja na mvua. Angeitwa Nafula."

Upepo ulipita kwenye migomba. Mama alikuwa akiisawazisha ile ardhi kwa kiganja, taratibu, akiondoa vijiti.

"Alikuwa na nywele nyingi," alisema.

"Nyingi," Kukhu alijibu. "Niriziona. Nirizichana na vidore, kabra sijamfunika."

Mama aligeuka kumtazama. "Ulizichana?"

"Nirizichana zote."

Kisha Mama akafanya jambo ambalo mke wa mtu halifanyi kwa mama mkwe wake. Aliinamisha kichwa, akakilaza begani mwa Kukhu. Kukhu hakusogea. Alipandisha mkono wake mzee, sweta likiwa limekunjwa hadi kiwikoni, akauweka juu ya kilemba cha Mama, akauacha hapo.

Nilikaa upande wa pili wa Mama, yule bata mapajani mwangu akipumua kwa joto lake lote, mpaka miguu ikanifa ganzi, na hakuna aliyeniambia niinuke.